Okazyo ya Bulaya inapita mupya ya Chine? Tusome pine kabla ya kulipa

Kuna msemo ambao kila kijana mwenye motokari hapa kwetu anaujua: "Okazyo ya Bulaya inapita mupya ya Chine." Utausikia kwa kwado anayeziba pine, utausikia garajini, utausikia ata kwa ndugu mwenye lisansi ya ekonomia, ambaye kwa mambo mengine yote anataka hesabu kwanza. Msemo umekuwa kama sheria. Mtu ana Impreza yake, ao Altezza, ao BMW ya zamani, anatafuta pine nne, na kabla ya kuuliza swali lolote amekwisha kuamua: atachukua okazyo yenye jina kubwa ubavuni.

Ndugu na dada, sisi tuliosoma tunapenda kuchambua hotuba za wakubwa. Leo ninaomba tuchambue msemo huu, sababu tunaulipia kwa dola zetu, na mara zingine kwa damu.

Kwa nini tujichoshe na jambo la pine? Motokari inagusa barabara mahali pane tu, na kila mahali pana ukubwa kama wa kiganja cha mkono. Injini inaweza kuwa na nguvu farasi 200 ao 250, freni zinaweza kuwa mpya kabisa, lakini kila amri ya dereva, kukata kona, kusimama, kukwepa mtoto anayevuka, inapita kwenye hivyo viganja vinne. Motokari ya mbio yenye pine mbovu ina hatari kuliko Probox yenye pine zile zile, sababu inafika haraka zaidi mahali ambapo pine inashindwa.

Tuupe msemo haki yake

Msemo haukuzaliwa bure. Makampuni kama Michelin, Continental, Bridgestone, Pirelli na Goodyear yanatumia pesa nyingi kutafuta mchanganyiko mzuri wa mpira. Kwenye majaribio yanayofanywa kila mwaka na ADAC, chama kikubwa cha wenye magari cha Ujerumani, majina hayo mara nyingi yanakaa juu, na pine za bei ya chini kabisa mara nyingi zinaonekana chini, hasa kwa kusimama kwenye barabara yenye maji. Kwa hiyo pine ya jina kubwa iliyotumika miaka miwili, yenye meno ya milimita 6, isiyozibwa wala kugongwa, inaweza kweli kushika barabara kuliko pine mpya ya bei ya chini kabisa.

Mwenye kusema msemo huu basi si mjinga. Lakini jiulize: mtu wa Bulaya mwenye pine nzuri ya namna hiyo, kwa nini aitupe? Hana sababu. Anayeitoa ni yule ambaye meno ya pine yake yamekaribia mwisho, ao umri umepita, ao pine iligonga ukingo wa barabara, ao motokari yenyewe ilipata ajali. Zile nzuri zipo, sikatai, lakini ni chache ndani ya rundo, na zinauzwa kwa maneno yale yale kama zile mbaya. Msemo unaongelea pine bora ya Bulaya, kumbe mfuko wetu unanunua ile iliyobaki. Hapo njo kosa la kwanza.

Tarehe ambayo hatusomi

Pine ni kama mkate: inazeeka ata kama haijaliwa. Joto, jua na hewa vinakausha mpira polepole. Meno yanaweza kubaki marefu na meusi, lakini mpira umekuwa mgumu, na ndani, mahali ambapo nyuzi za chuma zimeshikana na mpira, mshikamano unalegea. Macho hayaoni hiyo. Tena kuna wauzaji wanaopaka pine maji meusi, inang'aa kama imetoka kiwandani asubuhi.

Lakini umri wenyewe umeandikwa. Tafuta ubavuni herufi DOT, fuata mstari wake mpaka mwisho. Kama pine ilitengenezwa kuanzia 2000, utaona tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni juma, mbili za nyuma ni mwaka. 2318 ni juma la 23 la mwaka 2018. 0511 ni juma la tano la 2011. Ukiona tarakimu tatu tu, pine hiyo ni ya kabla ya 2000, iache hapo hapo. Na uangalie pande zote mbili, maana pine nyingi zinabeba tarehe kamili upande mmoja tu. Ikiwa imekwisha kufungwa kwenye janti na tarehe imegeukia ndani, omba igeuzwe. Muuzaji akikataa, amekujibu.

Michelin yenyewe inashauri pine ikaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya kutumika, na inasema ibadilishwe ikifika miaka kumi tangu kutengenezwa, ata kama inaonekana nzima. Uingereza, tangu Februari 2021, imekataza pine zenye zaidi ya miaka kumi kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Hizo ni nchi za baridi. Kwenye joto mambo yanaenda mbio zaidi. Ofisi ya usalama wa barabara ya Marekani, NHTSA, ilitoa ripoti mwaka 2007 juu ya kuzeeka kwa pine. Ndani yake kuna hesabu za kampuni moja ya bima: majimbo matano ya joto yalikuwa na asilimia 27 ya wateja wake, lakini asilimia 77 ya madai yanayohusu pine yalitoka huko, na kati ya pine hizo asilimia 84 zilikuwa na zaidi ya miaka sita. Sasa fikiria pine iliyofikisha miaka saba Bulaya, ikasafiri kwenye kontena, kisha ikaanikwa juani miezi kadhaa pembeni ya barabara huku Tanganyika.

Wale wanaopenda sinema za Fast and Furious wanajua jina la Paul Walker. Alikufa tarehe 30 Novemba 2013 huko California, ndani ya Porsche Carrera GT iliyoendeshwa na rafiki yake Roger Rodas, ambaye naye alikufa. Uchunguzi wa ofisi ya sherifu ya Los Angeles, uliotolewa 2014, ulisema sababu ni mwendo: kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa, mahali ambapo ruhusa ilikuwa kama 72. Lakini wachunguzi waliandika pia kwamba pine zilikuwa na umri wa miaka tisa, na kwamba hiyo ingeweza kupunguza uwezo wa motokari kushika barabara. Motokari ya bei ya nyumba kadhaa, pine za jina kubwa, na umri wa miaka tisa. Jina halikuzuia mpira kuzeeka.

Pine ya theluji kwenye jua letu

Kosa la pili la msemo huu ni kuamini kwamba kizuri cha kule ni kizuri pia hapa. Wazungu wengi wana pine za aina mbili: za majira ya joto na za majira ya baridi. Ujerumani, kwa mfano, sheria inataka pine za baridi barabara ikiwa na theluji ao barafu. Mpira wa pine hizo ni laini kwa makusudi, ili ubaki laini joto likishuka chini ya nyuzi 7. Meno yake yamekatwa mistari midogo midogo mingi ili yaume theluji.

Pine hiyo ikifika Kalemie, ambapo mchana tunatembea na nyuzi 28 ao 30 kivulini na lami yenyewe inachoma mguu, inakuwa kama sabuni iliyoachwa juani. Inaisha haraka. Kwenye kona ya mbio inacheza cheza, dereva anasikia motokari inaelea. Ukipiga freni, inachukua mita nyingi zaidi kuliko pine ya joto. Kwa motokari ya taratibu ni hasara tu. Kwa motokari ya mbio ni mtego.

Alama yake ni rahisi: mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na nyota ya theluji ndani yake. Kuna pine za misimu yote zenye alama hiyo pia, lakini ukiona mlima pamoja na ile mistari midogo midogo imejaa kwenye kila jino, ujue ni pine ya baridi. Kwenye rundo la okazyo zinapatikana, na bei yake ni ile ile, sababu mnunuzi anasoma jina kubwa na kuacha mchoro mdogo.

Hesabu ambayo mwanaekonomia aliisahau

Tuje kwa pesa, maana msemo unajidai kuwa wa kuokoa pesa. Tufanye mfano. Tuseme okazyo ni dola 35 na mpya ya kati ni dola 70. Macho yanasema: nusu ya bei.

Pine mpya ya kawaida ina meno ya milimita 8 hivi. Ndani ya mifereji kuna vijiti vidogo vya mpira vinavyoonyesha mwisho: meno yakilingana navyo, yamebaki milimita 1.6, na pine imekwisha kazi. Kwa hiyo pine mpya inakuuzia milimita 6.4 za kutumia. Okazyo yenye meno ya milimita 4 inakuuzia 2.4 tu. Gawanya: okazyo inakugharimu dola 14 na nusu hivi kwa kila milimita, mpya inakugharimu dola 11 hivi. Ile ya "rahisi" njo ya bei kali. Na hapo sijaweka pesa ya kufunga mara mbili, wala esansi ya kuzunguka mji ukitafuta zingine, wala siku ya kazi uliyopoteza.

Okazyo inaanza kushinda hesabu pale tu ambapo bei yake inashuka chini sana ya nusu, ao meno yake ni marefu na tarehe yake ni ya karibu. Sikatai kwamba inatokea. Ninasema ipimwe, chukua ata kipande cha rula ya mtoto wa shule.

"Chine" ni nchi, si kipimo

Kosa la tatu liko ndani ya neno lenyewe. China inatengeneza pine nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Michelin ina kiwanda Shenyang, Continental ina kiwanda Hefei. Pirelli, ile ya Italia tunayoisifu, mwenye hisa nyingi zaidi tangu 2015 amekuwa kampuni ya serikali ya China. Kisha kuna makampuni ya Kichina yenyewe kama Linglong, Sailun na Triangle, yanayouza Bulaya na Marekani na kupita mitihani ya huko. Na mwishoni kuna pine zenye majina ambayo mwakani hutayaona tena. Zote hizo tunaziita kwa neno moja: Chine.

Katikati ya majina makubwa na hayo ya chini kuna kundi ambalo vijana wengi wanaliruka: Hankook, Kumho na Nexen za Korea, Toyo na Falken za Japani. Kwa mwenye motokari ya mbio na mfuko wa mwalimu, hapo njo mahali pa kuanza kutafuta. Kila ilipo pine ya kundi hili, mpya, ya tarehe ya karibu, sioni sababu ya kuikimbia kwa ajili ya Michelin ya 2012.

Zamani tungeweza kusema tununue za jirani. Nairobi kulikuwa na kiwanda cha pine za Yana, cha Sameer Africa. Kilifungwa mwaka 2016, kampuni ikilalamikia pine za bei ya chini kutoka nje. Leo karibu kila kitu kinatufikia kwa safari ndefu: meli mpaka Dar es Salaam, reli ao lori mpaka Kigoma, kisha ziwa, ao kwa barabara kutoka Lubumbashi. Gharama ya safari iko ndani ya bei ya kila pine, nzuri na mbaya. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kutosafirisha takataka.

Na wale wa kambi ya pili

Kuna kambi nyingine inayojibu: "Basi nunua mupya yoyote, pine ni pine." Hawa nao tuwachambue.

Chukua motokari mbili zinazokwenda kilomita 80 kwa saa baada ya mvua. Ya kwanza ina pine zenye mshiko wa 0.8, ya pili 0.5. Wanafunzi wa fizikia watanisahihisha: mwendo kwa mraba, gawanya kwa mara mbili ya mshiko na mvutano wa dunia. Ya kwanza inasimama kwenye mita 31 na nusu hivi. Ya pili inahitaji mita 50. Lakini usiishie hapo, fanya hesabu ya pili: pale ambapo ya kwanza imesimama kabisa, ya pili bado inakwenda kama kilomita 49 kwa saa. Kama mbele kuna motari amebeba mama na mtoto, dereva wa kwanza amewasalimia na honi, wa pili amewagonga na kilomita 49. Tofauti ya dola 20 kwa pine iko hapo.

Mpya basi haitoshi. Soma namba. Kwa mfano 205/55 R16 91V: upana ni milimita 205, ubavu una urefu wa asilimia 55 ya upana huo, janti ni inchi 16, namba 91 inamaanisha pine inabeba kilo 615, na V inamaanisha imetengenezwa kuvumilia kilomita 240 kwa saa. H ni 210, T ni 190, S ni 180, Q ni 160. Mtu atasema: "Nani anakimbia 240 hapa Kalemie?" Hakuna. Lakini herufi hiyo inaongea pia juu ya kuvumilia joto, na joto tunalo, pamoja na watu sita ndani ya motokari ya watu watano na gunia la ndagala nyuma. Angalia kibandiko cha mlangoni mwa dereva: namba ya uzito na herufi ya mwendo zisiwe chini ya zile zinazotakiwa.

Pine nyingi zinabeba pia alama za mtindo wa Marekani: Treadwear, Traction na Temperature. Traction inaanza AA mpaka C, ni ya kusimama kwenye maji. Usishuke chini ya A. Temperature inaanza A mpaka C. Kwa motokari ya mbio chukua A. Treadwear ni ya kudumu: 200 ni mpira laini wa mbio, unashika sana na kuisha haraka, 400 ao 500 unadumu. Namba hiyo kila kampuni inajipa yenyewe, kwa hiyo linganisha pine za kampuni moja, usilinganishe kampuni na kampuni. Kwa barabara zetu, 300 mpaka 400 na Traction A ni ndoa nzuri.

Sasa, wapo wanaonakili orodha za "pine bora za mwaka" kutoka Ujerumani na kuzileta kwetu kama maandiko matakatifu. Majaribio yale ni ya kweli, lakini yanapima pine mpya kabisa kwenye lami safi. Hayapimi ubavu unaopigwa na shimo mara arobaini kwa siku, wala vumbi, wala miezi sita ya jua dukani. Kwa sisi, kitu cha kuchukua kwenye orodha hizo ni safu moja: kusimama kwenye maji. Mvua zetu zinaanza mwezi wa Oktoba na kuendelea mpaka Aprili ao Mei, na mvua ya kwanza juu ya vumbi na mafuta ya miezi mingi njo inayoteleza kuliko zote.

Uzuri wa janti

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho kambi zote mbili zinakubaliana, na zote mbili zinakosea: janti kubwa, pine nyembamba ya ubavu. Kweli inapendeza. Toa 205/55 R16, weka 225/40 R18. Gurudumu lote linabaki na kimo karibu kile kile, tofauti haifiki milimita 6. Kilichopungua ni ubavu: kutoka milimita 113 hivi mpaka 90. Ubavu huo njo mto kati ya janti na shimo. Ukipungua, shimo linakata nyuzi za ndani, pine inatoa uvimbe kama jipu, ao janti inapinda. Na pine yenye jipu haina dawa. Hakuna kwado wa kuiponyesha.

Anayebisha atazame Safari Rally ya Kenya, iliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, pale Naivasha. Motokari zile zinaweza kumaliza mbio yoyote ya vijana wa kwetu kabla hawajabadilisha gia ya pili. Kwenye rali za lami zinavaa janti za inchi 18. Kwenye barabara za udongo, kama zile za Naivasha, zinavaa inchi 15 na ubavu mrefu. Wenye pesa zote na mainjinia wote, wakikutana na barabara inayofanana na yetu, wanachagua janti ndogo. Sisi wa Piana-Mwanga na Kalemie, wenye kipande cha lami na mashimo mengine yote, tunachagua ya maonyesho.

Kilo mbili za hewa

Mwisho, pine nzuri inaweza kuuawa na hewa. Mwezi wa Agosti 2000, Firestone iliita pine milioni 6.5 zirudishwe Marekani, nyingi zikiwa kwenye Ford Explorer. Meno na tabaka la juu vilikuwa vinabanduka motokari ikiwa mbioni. Watu zaidi ya 270 walikufa. Mabishano kati ya makampuni hayo mawili yalikuwa makali, na moja ya mambo yaliyobishaniwa ni presio: Ford ilikuwa imeshauri hewa kidogo, 26 kwa kipimo chao, yaani kilo 1.8 hivi. Hewa ikiwa chini, ubavu unajikunja zaidi kila mzunguko, pine inapata joto, na joto linabandua.

Tupime basi asubuhi pine zikiwa baridi, kwa namba ya kibandiko cha mlangoni, mara nyingi karibu na kilo 2.2. Kwado anapopiga pine kwa nyundo na kusema "iko muzuri", mwombe kipimo. Si kumdharau. Makwado wetu wanajua mengi, wanafanya kazi juani kwa pesa kidogo, na wengi watakuambia ukweli ukiwauliza. Tatizo ni kwamba tunawaomba miujiza: kuziba tundu la ubavuni, kutia mpira wa ndani kwenye pine iliyochoka, kuchonga meno mapya kwa kisu cha moto kwenye pine iliyokwisha. Tundu la katikati ya meno linazibika. La ubavuni, hapana. Meno ya kuchonga yanapunguza mpira uliobaki juu ya nyuzi, na motokari ya mbio itakuonyesha hiyo kwa kilomita 100.

Tufunge hivi

Mwenye dola za pine nne, ninamwomba afuate mpangilio huu: kwanza saizi, uzito na herufi ya kibandiko, pili tarehe, isizidi miaka miwili ao mitatu kwa mpya ya dukani, na kwa okazyo isizidi mitano, tatu alama ya mlima, isiwepo, nne Traction A, tano ubavu, bila jipu, bila kiraka, bila ufa. Jina liwe la sita. Bei ipimwe kwa milimita. Na kama pesa inatosha pine mbili tu, zifungwe nyuma, zile bora zilizobaki ziende mbele, sababu motokari inayoteleza nyuma ni ngumu kuirudisha kuliko inayoteleza mbele. Kisha mwendo upunguzwe mpaka zingine mbili zipatikane.

Msemo wa "Okazyo ya Bulaya" ulidumu sababu unatupunguzia kazi ya kusoma. Unatosha kujua jina moja. Lakini kila kitu tunachohitaji kimeandikwa kwenye ubavu wa pine, kwa herufi na tarakimu ambazo mtoto wa darasa la sita anaweza kuzisoma. Mama anayeuza pembeni ya barabara hakuchagua pine zako, mwanafunzi anayerudi nyumbani kwa miguu hakuzichagua, lakini nao wanaishi ama kufa kwa uchaguzi huo.

Leo jioni, chuchumaa pembeni ya motokari yako, ao ya baba mdogo, ao ya teksi inayokubeba, utafute zile tarakimu nne. Utuandikie hapa chini ulizoziona. Tuone mji wetu unatembea juu ya pine za mwaka gani.